Sauti ya Tunu Mkutanoni

Siku hizi vijana hawaendi mkutano wa mtaa. Halmashauri imeshachukua sauti zao, mashine huwasemea mkutanoni kwa sauti hizo hizo, na kila nyumba husikiliza kupitia spika ya ukutani.

Tunu aliingia na ndoo tupu, hasira zimempanda. Bomba lilikuwa kavu tangu Ramadhani. Ukutani akaisikia sauti yake mwenyewe ikisema kwa adabu, "Shikamooni wazazi. Sisi vijana tunashukuru, maji yanatoka vizuri."

"Mama, huyo si mimi! Maji yenyewe yako wapi?"

Mama yake aliitazama ile ndoo, kisha akasogeza kigoda karibu na spika.

"Marahaba, mwanangu," akaijibu. Ndipo akamgeukia Tunu. "Nyamaza wewe. Umeingia hata salamu hujatoa. Niache nimsikilize binti yangu."