Zamu ya Mkeka

Mtaani kwetu mtoto haandikishwi mpaka mtu wa nyumbani aachie kabisa zamu yake ya kulala mkekani. Asiyeandikishwa huchukuliwa.

Mke wa mwanangu, Tunu, alipojifungua, niliachia yangu. Nimezunguka nchi nyingi kwa miguu, nikadhani kusimama si kazi. Sasa nasinzia wima, mke wangu Mwanahawa akinifunga kwa kanga kwenye nondo za dirisha.

"Usikaze hivyo, bibi wee, mimi si tita la kuni!"

"Nyamaza, mzee. Juzi nililegeza, ukamwangukia mtoto."

Leo asubuhi Tunu ametapika mara mbili, kama alipokuwa na mimba ile ya kwanza. Mwanahawa ametoa kanga nyingine sandukuni, akasimama kando yangu, akaanza kuipima kwenye nondo.