Dawa za Mama

Afisa wa polisi alimwita Nekoye kwa majina yake yote matatu kabla hajamaliza kushuka kwenye basi lililotoka Kampala.

"Madam, mzigo wako ni ule wa vitenge?"

"Ndiyo," Nekoye alijibu.

Afisa hakuhangaika na mizigo ya abiria wengine. Hata mkoba aliouning'iniza Nekoye begani hakuugusa. Alifungua robota, akavuta jora la kijani lililokuwa katikati, akalikunjua. Pakiti za vidonge zikamwagika chini, stendi nzima ya Kisumu ikitazama.

"Hizi ni za nani?"

"Za mama yangu. Anaumwa na nyonga."

"Cheti cha daktari?"

"Kiko nyumbani. Ni cha zamani kidogo. Lakini nilinunua dukani kule Kampala, duka la dawa kabisa. Hawakuniuliza kitu."

"Kule walikuuzia, sawa," afisa alisema huku akiziokota. "Huku hizi ni dawa zinazodhibitiwa. Ukiziingiza bila cheti na bila kibali ni kosa, hata ukiwa na risiti. Twende."

Ndani ya gari la polisi Nekoye aliwaza jambo moja tu. Walijuaje jora la kijani? Mtu hawezi kubahatisha hivyo.

Jibu lilikuja kabla hawajafika kituoni. Sheryl. Walikuwa wakiuza vitenge pamoja katika kibanda kimoja mtaani Manyatta, na kila safari ya Kampala walienda wawili. Sheryl alikuwa amesimama kando yake wakati muuza dawa akipanga pakiti juu ya kaunta. Usiku ule alimwona akizifunga ndani ya jora, akasema, "Nekoye, safari hii ni nyingi sana. Siku moja zitakuletea shida."

"Ni dawa za Mama," Nekoye alimjibu. Ndivyo alivyoziita siku zote.

Asubuhi Sheryl akasema atabaki kidogo kwa shangazi yake, arudi baadaye. Nekoye akapanda basi peke yake. Mama alimpigia simu kabla halijaondoka, kama kawaida yake, akauliza kama dawa zimepatikana na kama zimewekwa mahali pazuri. Nekoye alimweleza asiwe na wasiwasi, ziko ndani ya jora la kijani. Wakati huo hakushuku kitu. Sasa alielewa kwa nini rafiki yake hakutaka kukaa kiti kimoja naye.

Seli ilimtesa kuliko alivyotarajia. Nje jua la Kisumu lilikuwa linachoma, lakini yeye alitetemeka akaomba blanketi. Usiku mifupa ilimuuma, jasho likamtoka, na chakula hakikupita kooni. Askari wa kike alimuuliza kama ana malaria.

"Ni hasira," Nekoye alisema. "Mtu niliyekula naye sahani moja ameniuza."

Sheryl aliporudi kutoka Kampala alikuja moja kwa moja kituoni, bado amevaa nguo za safari. Alileta chai kwenye chupa na sweta.

"Kunywa kidogo, Nekoye. Umekonda."

"Umenileta hapa ili ubaki na kibanda."

"Sikupigia mtu simu. Naapa."

"Nani mwingine aliona jora? Toka. Na hiyo chai yako enda nayo."

Sheryl aliiacha sweta juu ya benchi akaondoka akilia. Nekoye hakuivaa, ingawa meno yalikuwa yakigongana.

Kesho yake alikuja Mama. Nakhumicha alikuwa mjane, na nyumba ya kupanga kule Migosi waliishi wawili tu, yeye na binti yake. Alikuwa amebeba kikapu cha chakula, viatu vimejaa vumbi.

"Mwone," Nekoye alimwambia askari aliyesimama mlangoni. "Ametoka Migosi kwa miguu na nyonga ile. Halafu mnamnyima dawa." Akamgeukia mama yake. "Utalala vipi sasa, Mama?"

"Nitalala. Kula kwanza, mwanangu."

"Sheryl ndiye ameniuza."

"Usimseme Sheryl vibaya."

"Unamtetea? Mimi niko ndani na wewe unamtetea?"

Mama alimfuta jasho usoni kwa leso yake, polepole, kama alivyomfuta akiwa mtoto mwenye homa. Kisha akachukua kikapu akaenda.

Siku ya mahakama Sheryl aliketi nyuma kabisa. Nekoye alipita karibu naye bila kumtazama. Alimtafuta Mama, akamwona kwenye benchi la mbele, amevaa gauni lake la kanisani. Roho ikatulia. Angalau damu yake ilikuwa pale.

Alikana mashtaka. Akaomba aachiliwe kwa dhamana.

"Mheshimiwa, mimi si mfanyabiashara wa dawa," alisema, mikono ikishika kizimba ili isionekane ikitetemeka. "Nilikosea kwa kutojua sheria. Mama yangu hawezi kulala bila dawa hizo. Nikifungwa, nani atamtunza?"

Hakimu aliinua macho. "Mama huyo yuko hapa?"

"Yuko, Mheshimiwa. Muulize mwenyewe."

Nakhumicha alisimama. Nekoye alimtazama akingoja neno ambalo lingemtoa pale.

"Mheshimiwa, ile simu ya kwa polisi niliipiga mimi," Mama alisema. "Nyonga yangu ilipona mwaka juzi, hizo dawa anameza yeye."