Jogoo Kocha wa Matembezi

Jogoo mmoja aliwatambia kuku wote kwamba katika matembezi ya ziwani na kurudi, wa kwanza kufika bomani angekuwa yeye. Mwezi mzima alifanya mazoezi na rafiki yake Punda, ila yeye aliyafanyia mgongoni kwa Punda.

"Kaza mwendo, ndugu! Unatembea au unakwenda kuposa?"

"Sawa, kocha," Punda alijibu, jasho likimtiririka.

Siku ya safari, kila mmoja alitakiwa kutumia miguu yake. Punda, bila mzigo, alijiona mwepesi kama unyoya. Jogoo alikwama kwenye kichuguu cha kwanza, kucha zikimwaka moto. Hapo ndipo Punda alipomkuta, keshatoka ziwani.

"Panda, kocha. Lakini leo sitaki kusikia neno."

Jogoo akapanda, akanyamaza kweli. Walipokaribia boma, akasogea mpaka katikati ya masikio ya Punda, akanyoosha shingo mbele.

"Nilisema wa kwanza nani?" akawika.

Punda alicheka, nusura amwangushe.