Swali la Traverse

"Traverse ni kitu gani?" aliuliza Mzee Mutambo, akimkazia macho kijana aliyekuja kumposa binti yake.

Darius nusura acheke kwa furaha. Alikuwa amesafiri mpaka mji wa Baraka kumposa Nadège, akajiandaa kuulizwa ukoo, dini, hata dhambi zake. Kumbe anaulizwa taruma tu! Kabla vita havijasimamisha treni, alikuwa fundi wa reli Kalemie miaka mitano. Akajiweka sawa kwenye benchi nyeusi, kidole kikichezea tundu lililotobolewa kwenye ubao wake mnene.

"Ni muti, baba. Tunaulaza chini, reli mbili zinapita juu, tunazikaza na visi. Yenyewe ndiyo inashika reli zisiachane."

"Hapana," alisema mzee. "Traverse ni kile chuma kirefu magurudumu inapita juu yake."

Damu ilimchemka Darius. Hiyo si ni reli yenyewe! Hata mtoto wa Kalemie anajua! Akafungua mdomo.

Mlangoni mwa jikoni akamwona Nadège na mwiko mkononi, amefumba macho kwa hofu. Asubuhi alikuwa amemwonya: "Usibishane na baba. Mwalimu Eddy alikuja kuniposa, akabisha, akafukuzwa hata hajakula." Na pale kwenye kona alikaa Fabien, kaka yake Nadège, ambaye wiki iliyopita alibishana na askari kwenye kizuizi cha Swima kwa sababu ya kuku mmoja. Alirudi bila kuku, bila baiskeli, bila suruali. Tangu siku hiyo mzee hakutaka kumsikia mbishi.

Darius akameza mate. Yalikuwa machungu, asiseme mtu uongo.

"Basi mi nilijifunza mubaya, baba. Aksanti kunirekebisha."

Suzanne, shangazi yake Nadège, akapiga vigelegele. Mikebuka, samaki wa ziwani, ikaletwa mezani imekaangwa, na Nadège akacheka mpaka mwiko ukamponyoka.

Mzee Mutambo akainuka, akashika upande mmoja wa ile benchi.

"Mukwe wangu, simama, tuisogeze ku meza," akamnong'oneza. "Lakini shika na nguvu. Miaka makumi mbili nilibebaka hizi traverse kule Kalemie, na hata leo haziko nyepesi."