Mchezo wa Mlangoni

Ko-ko. Kimya. Ko.

"Nani huyo?" Chiriku akauliza kutoka ndani.

"Usiulize! Sikiliza, halafu niambie kinachofuata." Mama yake alikuwa nje koridoni, mkoba begani, jasho linamtoka. Akagonga tena. Ko-ko. Kimya. Ko.

"Sasa ko-ko!" mtoto akadakia. Komeo likavutwa, mlango ukafunguka, na Chiriku huyo juu ya stuli, meno yote nje.

Jamani, kwa mifuatano mtoto huyu alikuwa hashikiki. Umri wa chekechea tu, lakini umpangie vizibo, chekundu, chekundu, cheupe, hasubiri umalize. Anamaliza mwenyewe, kisha anakutungia wa kwake wa kukuumiza kichwa. Kwani ataacha kujua? Mama yake ni mwalimu wa hao hao wa chekechea, na nyumbani kwao hata vijiko vilipangwa kwa zamu, kikubwa, kidogo, kikubwa.

Ila huu wa mlangoni haukuwa wa shule. Wiki ile baba mtoto alikuwa amepiga simu. Hakufoka, na hilo ndilo lililomtisha mama. "Nitamchukua mwanangu," alisema, "na hutajua nimempeleka wapi." Ufunguo alikuwa nao tangu walipoishi pamoja. Mwenye nyumba alikataa katakata kubadilisha kitasa, na polisi walisema hayo ni mambo ya mke na mume. Likabaki komeo la ndani. Na Jumamosi mchana mama lazima aende kufundisha tuisheni, la sivyo hawali, na ndugu wa kumwachia mtoto hana.

Kumwambia Chiriku ukweli hakuweza. Mtoto alimpenda baba yake kupita kiasi, utaanzia wapi? Akamwambia ni mchezo.

"Asiyejua mfuatano wetu humfungulii. Hata kama sauti yake unaijua."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Jumamosi ikafika. Mama alikuwa sakafuni kwenye sebule ya watu, anawapangia watoto wao vizibo, simu ikalia. Ni fundi cherehani wa pale chini kwao.

"Mwalimu, baba Chiriku yuko huko juu kwenu. Anagonga mlango."

Hakuaga. Alitoka mbio, kiatu kimoja hakijafungwa, simu sikioni.

"Mtoto kafungua?"

"Wapi! Anagonga, anaacha, anagonga tena. Nawasikia wanaongea tu."

"Basi panda juu, kaka yangu, nakuomba! Kakae pale!"

"Na mguu wangu huu, mwalimu? Ngazi siziwezi."

Simu ikazimika, chaji imekwisha. Alikimbia huku analia, watu wanampisha njia, wengine wanamcheka. Mungu wangu, asifungue. Nichukulie chochote, Mungu wangu, lakini asifungue. Alijilaani kwa kila kitu: kwa kwenda tuisheni, kwa kumwachia mtoto mdogo vile kazi ya askari, kwa kushindwa kusema maneno mawili ya kweli juu ya baba yake.

Fundi alimngojea mlangoni kwake, tepu shingoni, uso umekunjuka.

"Pumua, mwalimu, pumua! Kelele zimekwisha. Nilikuwa nampima mteja suruali, kuinua kichwa, kimya. Ameshakata tamaa huyo, kaenda zake. Hongera, bwana. Mtoto umemfundisha!"

 Mama akashika ukuta, akacheka na kulia kwa pamoja, kisha akapanda ngazi kwa kujivuta. Mlango ulikuwa mzima, haujavunjwa, haujachubuka hata rangi. Akausukuma kidogo. Umefungwa kwa komeo, kama alivyouacha. Akaweka paji la uso juu ya ubao. Akili yako mwanangu, akawa anasema moyoni, akili yako. Leo atamwambia kila kitu, na kesho watahama, wakalale hata darasani.

Akagonga. Ko-ko. Kimya. Ko.

Hakuna kitu. Labda amelala, maskini, amechoka na vurugu. Akagonga tena, kwa nguvu zaidi kidogo.

Ndani mtoto akacheka.

"Siyo huo, mama," Chiriku akasema, kwa sauti ile ya kimwalimu. "Huo nimeshamfundisha baba. Sasa tumetunga wetu."