Ushuhuda Mubashara

Kila Ijumaa Mtabibu Shekuwe alirusha video mubashara kwenye simu, huku mgonjwa aliyepona akitoa ushuhuda kando yake. Ijumaa hii aliketi Bi Rehani. Alikuwa amejileta mwenyewe, akisema mwanawe hasumbuliwi tena na sukari. Watu elfu tatu walikuwa wakitazama.

"Mama, waambie ndugu zetu," mtabibu alisema kwa sauti laini. "Kijana aliacha sindano, akanywa dawa yangu. Anaendeleaje?"

"Ametulia," alijibu Bi Rehani. "Ametulia kaburini, wiki ya sita sasa."

Mtabibu alinyoosha mkono azime simu. Bi Rehani alikuwa ameshaichomoa kwenye stendi, akamwelekezea usoni.

"We mama, huna adabu!"

"Adabu nimeizika pamoja na Hashil. Ulisema hapahapa kwamba sindano zinaua figo. Nikakuamini, nikazitupa chooni kwa mikono yangu." Hakulia. "Sasa anayekufulia nguo kaniambia na wewe sukari unayo, na sindano zako unazificha kwenye friji lile pale. Lifungue watu waone."

"Mna maji tu mle!"

"Basi nipe maji. Nina kiu."

Maoni yalimiminika kwenye kioo: Fungua! Fungua, mzee, mama anywe!

Mtabibu aliliegemea friji kwa mgongo, mikono ameitandaza. Bi Rehani alizidi kumsogelea na simu, polepole, mpaka kwenye kioo kikabaki kiganja kimoja chenye jasho, kimeukandamiza mlango mweupe.