Mito Inayosoma Ndoto

Tangazo kwa wanadamu wote: mimi, Mghanga, nimevumbua mzaha mkuu wa karne. Nilibadilisha mito miwili tu ya kulalia: wangu na wa rafiki yangu Mwadime.

Bwenini kwetu mito husoma ndoto, na anayeota akimpiga baba yake haendi nyumbani likizo. Basi ndoto yangu ikasomwa kwa jina la Mwadime.

“Sikuota hivyo, Matroni!” Mwadime akalia.

“Kukana ndiyo dalili yenyewe, mwanangu.”

Baba yake, aliyekuja kumchukua, alirudi nyuma. “Nimekukosea nini, Mwadime?”

Mwadime akazidi kulia. Matroni akanigeukia. “Na wewe mbona unatetemeka?”

“Mito niliibadilisha mimi,” nikakiri. “Ndoto ni yangu.”

Akanipapasa kichwa. “Unamkinga rafiki. Moyo safi huo. Haya, nenda, baba yako anakungoja getini.”